Kisahani Chenye Ndui

Sindano ilishuka, ikagusa, ikanyanyuka. Taa nyekundu ikawaka. Mpimaji akabonyeza kitufe, na tone la wino likadondoka juu ya chipu ile, dogo kama yai la chawa, jeusi ti. Imekufa hiyo. Sindano ikahamia kwa jirani yake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kwa kazi hiyo kiwanda kizima kilimwita Ndui. Kisahani cha silikoni kilimfikia kutoka tanurini kiking'aa, uso mwororo, kimebeba chipu mia mbili safu kwa safu. Kikitoka mikononi mwake huwa kimejaa madoa kama mgonjwa wa ndui aliyeponea chupuchupu. Watu waliokitolea jasho wiki sita wakimwona anakuja nacho hushika vichwa. "Umetuulia wangapi leo, Ndui?" Naye hucheka nao, ingawa moyoni panauma. Nani apendaye kuwa mleta tanzia kila siku ya Mungu?

Siku hiyo Kamati ya Bunge ilikuwa inakuja saa nne. Miaka mitatu serikali ilikuwa imekibeba kiwanda mgongoni, jengo lake, umeme wake na mishahara yake, ili siku moja mita za umeme za nchi zitiwe chipu za nchi. Sasa mgongo ulikuwa umechoka. Magazeti yaliuliza kwa nini tujisumbue kutengeneza tunachoweza kununua, na kamati ilikuja kuamua kama mtoto huyu asiyetembea aendelee kubebwa au ashushwe.

Saa mbili kasoro, mkurugenzi aliingia chumba cha kupimia. Alikuwa pia mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Leo niite Mjomba."

Hapo akajua kuna jambo. Kazini neno hilo lilikuwa mwiko, na aliyeliweka mwiko ni Mjomba mwenyewe.

Mjomba alikitazama kisahani cha awamu ya kumi na saba, kilichokuwa bado kwenye sanduku lake. "Hiki ndicho watakachoonyeshwa. Usikitie wino."

"Nisikipime?"

"Kipime, uandike daftarini. Wino ndio sitaki. Wale wanahukumu kwa macho, mwanangu. Wakiona madoa wataona uchafu."

"Na wakiuliza nzima ni ngapi?"

"Nitajibu mimi. Nitasema zote."

"Lakini zisipotiwa wino, mbovu na nzima zinafanana."

"Ndiyo maana nakuomba." Akaelekeza kidole nje ya mlango. "Watu mia na arobaini wako humu. Nisije nikawaambia warudi makwao kwa sababu ya madoa."

Huyu ndiye aliyemchukua baada ya mama yake kufariki, yeye akiwa na miaka tisa, akamkalisha kwenye meza yake ya kutengenezea redio. Kila jioni alimpa redio mbovu na swali moja: "Niambie kinachouma." Hakumruhusu kushika bisibisi kabla ya kujibu. Mtu asiyejua kinachouma, alikuwa akimwambia, hatibu bali anapapasa. Na leo mkono uliomlisha ndio uliokuwa unamsihi afiche kidonda.

"Ndiyo, Mjomba," alisema, kama alivyosema tangu utotoni.

Akapima bila wino. Taa nyekundu ikiwaka, kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye kitufe, akakirudisha. Ikawaka tena, akakirudisha tena. Alipomaliza alikuwa ametota jasho kana kwamba ameiba. Akavuta droo atoe daftari, na humo macho yake yakaangukia visahani vya zamani, kimoja kwa kila awamu, kumi na sita. Hakuwahi kuvipanga pamoja. Nani apangaye maiti?

Sijui ni shetani gani au malaika gani aliyemsukuma, lakini alivitoa, akavilaza mezani kimoja baada ya kingine.

Cha kwanza kilikuwa cheusi chote, haikusalimika chipu hata moja. Cha tano kilikuwa na chipu tatu safi. Cha tisa kilikuwa na uwazi katikati, wa kutosha kuweka kidole gumba. Cha kumi na sita kilikuwa safi sehemu kubwa, na madoa yamebanwa pembezoni. Akavipitia tena, taratibu, mkono mdomoni. Weusi ulikuwa unakimbia! Ulikuwa ukifukuzwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, mwezi baada ya mwezi, na waliokuwa wakiufukuza ni wao wenyewe, watu wa kiwanda. Akamkumbuka fundi wa tanuri, yule mtani wake mkubwa kuliko wote. Kila akipokea kisahani hutukana kwanza, kisha hutazama madoa yamerundikana wapi, akaenda kurekebisha moto upande huo. Pasingekuwa na madoa angerekebisha nini?

Hasira zikampanda, si za kumkasirikia Mjomba, bali za kuikasirikia ile aibu aliyolala nayo na kuamka nayo miaka mitatu. Aibu ya nini, jamani? Kama tunaona haya kujua palipoharibika, basi hatutengenezi chipu humu, tunatengeneza vioo vya kujitazamia! Akajaza wino mpaka juu, akakirudisha kisahani cha kumi na saba chini ya sindano, akaanza upya.

Saa nne wageni watano walisimama kwenye ukumbi wa maonyesho, na wafanyakazi wamejipanga ukutani. Mjomba akafungua sanduku akitabasamu. Tabasamu likamgandia usoni.

"Mbona kama nzi wamekinyea?" akauliza mbunge mmoja mnene, na wenzake wakaangua kicheko.

Mjomba alinyoosha mkono alifunge sanduku. Lakini mpwa wake alikwisha kujitokeza mbele.

"Ni mimi niliyetia, Mheshimiwa. Kila nukta ni chipu mbovu. Hapo ziko hamsini na tisa kati ya mia mbili."

"Hamsini na tisa! Na hiki mnakiita kiwanda?"

"Ukitaka kisicho na nukta hata moja nitakuletea sasa hivi. Kipo kabatini. Hakijapimwa."

Kicheko kikakatika. Akavipanga juu ya meza vile kumi na sita alivyokuja navyo.

"Hiki ndicho tulichoanza nacho. Hiki ni cha mwezi uliopita. Hao mnaotaka tununue kwao walianza na cheusi kama hiki, ila hawakutuonyesha, na serikali zao hazikuwatupa. Mkitaka kutukata, tukateni. Lakini msiseme hatuendi. Tunakwenda, na njia yenyewe ndiyo hii."

Mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo mwenye miwani, aliipitia meza yote bila haraka.

"Wewe ndiye unayetia nukta hizi zote?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hawakuchukii?"

"Wananiita Ndui."

Fundi wa tanuri akainamia viatu vyake. Mwenyekiti akakichukua kile cha kwanza, kile cheusi chote, akakifunga kwenye leso. "Hiki naondoka nacho. Nitakiweka mezani Bungeni."

"Cha kututetea au cha kutuzika?" Mjomba akauliza.

"Nikifika nitajua."

Saa kumi magari yalikuwa yamekwisha ondoka. Ndui alikuwa amerudi chumba cha kupimia. Alivua kitambulisho chake, akakiweka mezani mbele yake, akasubiri. Aliogopa, tena sana, lakini hakujuta, na jambo hilo lilimshangaza mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Mjomba alikuwa ameshika sanduku la kisahani kingine, kilichotoka tanurini mchana huo. Akakitazama kitambulisho, akakisogeza kando kwa kidole apate pa kuliweka sanduku.

"Hukunitii."

"Sikukutii, Mjomba."

Mjomba akavuta kigoda, akakaa ubavuni mwake, akavaa miwani yake.

"Haya," akasema. "Niambie kinachouma."

Ndui akaishusha sindano. Chipu ya kwanza ikawaka kijani. Ya pili, kijani. Ya tatu ikawaka nyekundu, na kabla hajanyoosha mkono, Mjomba mwenyewe akabonyeza kitufe cha wino.