Pamba na Ngoma, Msimu Mmoja

Mungu akitaka kumkomoa mtu, humpa kazi na raha msimu mmoja. Luhende aliamini hivyo kabisa. Kiwanda cha kuchambua pamba alichofanyia kazi mjini Bariadi kiliunguruma watu wakishavuna, na ngoma nazo zilisubiri hapohapo, watu wakishavuna. Mvua zikianza kiwanda hufungwa, Luhende hubaki na muda tele wa kuimba, lakini nani atacheza na jembe liko mkononi?

Naye hakuwa mchezaji wa kujazia mstari. Alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo wa kundi la kijijini kwao. Usukumani makundi mawili hupiga ngoma kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji huhamia wanakofurahishwa. Wanaokimbiwa ndio walioshindwa. Ningi akitukanwa kwa wimbo, hujibu palepale. Luhende hakuwahi kukosa jibu tangu aote ndevu.

Mkewe, Milembe, ndiye aliyemwambia aende kiwandani. Hakumpigia kelele. Mvua ilipowavujia watoto tena, alisema tu kwamba wimbo hauezeki nyumba. Maneno yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli, akaenda. Bati likapatikana, hasira nayo ikapatikana. Kila Jumapili, siku ya ngoma, alisukumia pamba mashineni, vumbi tele puani, huku miguu ikicheza yenyewe.

Shindano kubwa la ngoma huko Lingeka lilipokaribia, aliomba ruhusa. Msimamizi wake, Abdulkarimu, akamjibu kwa upole kwamba pamba haijui Jumapili, na wanaoitaka nafasi yake wamejaa getini. Luhende alitamani kumtungia beti za matusi papo hapo. Badala yake akamfundisha Masele, mpiga ngoma wao, nyimbo zote ili aongoze yeye, kisha akarudi zamu roho ikimuuma.

Siku ya shindano, alasiri, simu ikatetemeka mfukoni. Akaacha mashine, akatoka nje hadi kwenye marobota ya pamba.

"Ningi, wametutukana," Masele alisema akihema. "Wanaimba kwamba ningi wetu kaolewa na pamba, na mahari yake si ng'ombe, ni bati. Watu wanacheka, wanahamia kwao. Nipe jibu haraka."

Nyuma ya sauti hiyo Luhende alizisikia ngoma za kundi lake. Zilikuwa zimepoa. Akafumba macho akatafuta. Akakumbuka uvivu wa wale wapinzani, njaa yao ya mwaka jana, ng'ombe wao waliokonda. Yote yalikuja, na yote yalikuwa butu. Kilichomkera zaidi ni kwamba ule wimbo ulikuwa mzuri. Angeweza kuutunga mwenyewe.

"Ningi, upo?"

"Hilo halina jibu, Masele," akasema. "Wamesema kweli."

Abdulkarimu alikuwa akimwita kutoka mlangoni. Luhende akakata simu, akarudi kusukumia pamba. Siku hiyo miguu yake haikucheza.