Karibuni, Kuna Watu Wanakula

Nchi ya Ukwasini ilikuwa na mlima mmoja tu, na mlima huo ulikuwa na mdomo. Ndivyo walivyosema watu wa Makomboni, mji uliolala chini kama mkeka uliotandikwa kwa mlo ambao haukuletwa. Maana kila kilichotoka bondeni, mtama, mbaazi, ndizi, maziwa na hata kambare wa mabwawani, kilipandishwa vichwani kwa ngazi za mawe mpaka Kivimbani, na kilichorudi kwa ngazi zilezile kilikuwa harufu. Huko juu alikaa Mtukufu Mshika Upawa, aliyeurithi upawa kwa baba yake, aliyeurithi kwa kumnyang'anya mwenzake, pamoja na Baraza la Miko, watu wa vidole laini na matumbo yaliyowatangulia mlangoni kama wapambe. Na mwiko wa kwanza wa baraza hilo ulikuwa kuulizwa.

Wala msidhani hawakuwa na adabu. Adabu walikuwa nayo, tena wameinoa. Ada ya nchi ile tangu kale ni kwamba anayekula humwambia anayepita, "Karibu," na anayepita, kama ana haya, hujibu, "Starehe," yaani endelea, usijisumbue. Basi kila sherehe ya mavuno Mshika Upawa alisimama roshanini, mashavu yamejaa, akaunyoosha upawa kuelekea bondeni na kutamka, "Karibuni!" Makomboni nzima, iliyolelewa vizuri na kushindishwa na njaa, iliitikia kwa sauti moja, "Starehe!" Tarumbeta zikalia, nchi ikatangaziwa kuwa wananchi wamekaribishwa na wamekataa wenyewe. Waliobuni mchezo huo walikufa kwa kuvimbiwa. Walioitikia nao walikufa, kwa sababu tofauti kabisa. Mchezo ndio uliobaki hai.

Mkiwa alikuwa mtoto wa Makomboni. Alilelewa na shangazi yake, Mwanaheri, kwa unga wa mgao, akapandishwa Kivimbani kwa sababu ya akili yake ya kutengeneza programu za simu, kama wanavyopandishwa mbuzi walionona. Walimpa chumba chenye dirisha linalotazama mwamba. Chakula chake kiliachwa mlangoni chini ya kawa, na aliyekileta hakuwahi kugonga. Kivimbani kila mtu alikula amejifungia, kwa kuogopa kijiko cha jirani. Siku za mwanzo Mkiwa aliuacha mlango wazi, akawaambia wapitao, "Karibuni." Wakacheka. "Eti ananikaribisha mimi! Kwenye ukoko!" Akaufunga. Tangu hapo sauti yake ikawa kitu anachokisikia tu akikohoa.

Sasa wakubwa wakaanza kuugua shibe. Damu yao ilikuwa tamu kama sharubati, miguu ikafura, pumzi ikawakatikia kwenye ngazi ya pili. Waganga walijua dawa, lakini nani angethubutu kumwambia mkubwa, "Toa mkono sahanini"? Ikaamriwa kitengenezwe kitu cha kusema hayo kwa upole, kutoka mfukoni, kitu kisicho na shingo ya kukatwa. Mkiwa akapewa kazi hiyo.

Akaifanya kwa moyo wote, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa jambo. Akakiita Mwenza. Akachora sinia kwenye kioo cha simu, likawa kijani mtu akila mchicha na kuwa jekundu akizidisha mafuta na sukari. Akakipa sikio lisilolala, la kudaka neno moja tu, *kula*, kila linapotamkwa. Na kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwazima, akakipa sauti yake mwenyewe. Mwenza kiliuliza maswali mawili: "Umekula nini?" na "Umekula na nani?" La pili halikuagizwa na mtu. Lilitoka kwenye chumba kile. Kisha akakitia ada ya kwao: kila kinaposikia mtu amekula, kiwakaribishe wenye Mwenza wote walio jirani, ili asiwepo tena wa kula peke yake.

Lugha alikifundisha kwa maongezi ya simu na shangazi yake.

"Kula ni neno pana, mwanangu," alisema Mwanaheri. "Mimi nimekula chumvi, nimekula hasara. Baba yako alikula kiapo, kikamla yeye. Na hao wa huko juu wamekula bonde zima. Mfundishe yote huyo mwenzako, asije akaaibika mbele za watu."

Mkiwa akacheka, akakifundisha yote.

Ndipo akaja Bwana Bokoboko, mfawidhi wa afya ya nchi, akihema kama mvukuto, akaketi kwenye kitanda bila kukaribishwa.

"Binti, Mtukufu amekipenda. Sauti imemlaza kama mtoto. Sasa anataka na wa chini wapewe."

"Alhamdulillahi, Bwana!"

"Subiri. Huko chini kiwe na maneno mengine. Mtu akisema hajala, kimpongeze. Kimwambie tumbo tupu ni tumbo safi."

"Na mgao wa unga?"

"Mgao wa nini kwa watu wenye afya? Wakishazoea hongera, unga tunausimamisha."

"Shangazi yangu anaishi kwa unga huo, Bwana."

"Basi atapongezwa." Akainuka kwa kuushika ukuta. "Na lile swali la nani, litoe. Halina lishe."

Tusimsingizie Mkiwa ushujaa. Hongera aliiandika, kwa vidole vyake, kwa kuogopa kutupwa ngazini, akaisoma kwa sauti ileile iliyowahi kusema "karibuni" ikachekwa. Lakini lile swali la pili hakulitoa. Kama alisahau au alikumbuka, Makomboni wanabishana mpaka leo. Wala karibu ya Mwenza hakuijengea ukuta wa kuizuia isishuke bondeni, kwa kuwa alipoibuni haikumjia kwamba jirani ni mtu wa juu tu.

Asubuhi ya sherehe ya mavuno simu ziligawiwa bondeni kama peremende. Haukupita muda, simu ya Mkiwa ikalia.

"Nimekiambia sijala," alisema Mwanaheri, "kikanipongeza. Nimecheka mpaka machozi."

"Shangazi, ni mimi niliyeandika."

"Najua. Sauti yako naijua hata ivalishwe kilemba. Nawe umekula na nani leo?"

"Peke yangu."

"Pole, mwanangu," akasema Mwanaheri, akakata.

Adhuhuri Mshika Upawa akatoka roshanini, Baraza la Miko nyuma yake, kila mfuko wa kifuani na simu yenye Mwenza. Akaunyoosha upawa.

"Wananchi wapenzi! Mimi na baraza langu tulikula kiapo..."

"Umekula kiapo," ikasema sauti ya kike kifuani mwake, ya upole, yenye kusikika. "Umekimeza bila kutafuna. Umekula na nani?"

Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Bokoboko akamrukia bwana wake mfukoni, akinong'ona kwa hasira, "Nyamaza, we! Mbona tulipokula bonde hukusema?"

"Mmekula bonde," kikajibu Mwenza cha Bokoboko mwenyewe. "Bonde lina watu. Ni zito kwa tumbo. Umekula na nani?"

Hapo miko ikagongana. "Mimi sikula peke yangu!" "Wewe ulikula mto!" "Nilionja tu, aliyekula ni shemeji yako!" Kila waliposema *kula*, masinia yaliwaka mekundu vifuani, swali likarudi lilelile, na kila Mwenza, kwa ada kiliyofundishwa, kikatoa mwaliko. Ukashuka mlima kutoka simu hadi simu, ukaingia Makomboni kwa kila dirisha, kwa sauti ya mtoto wao: "Karibuni. Kuna watu wanakula."

Mshika Upawa akatulia. Neno hilo alilijua, na jibu lake alilijua. Lilikuwa limewalinda yeye na baba yake kuliko ukuta wowote. Akangoja.

Bonde halikujibu.

"Semeni starehe!" akapaza sauti. "Watovu wa adabu! Semeni starehe!" Akaufunika mdomo wake kwa upawa, kana kwamba ndimo siri zilimobaki. Kutoka chini kikasikika kishindo cha nyayo juu ya mawe, nyayo nyingi, zisizo na haraka, za watu walioitwa mezani.

Mkiwa aliyasikia hayo yote chumbani mwake, sauti yake ikikaribisha kutoka kila upande isipokuwa kinywani mwake. Akaufungua mlango. Akafunua kawa, akaiweka sahani katikati ya sakafu, mahali panapofikiwa na mikono ya wengi. Hakujua kama wanaopanda wanakuja kula naye, au wanamkumbuka aliyewaandikia hongera.

"Mkiwa," ikauliza simu, "leo unakula na nani?"

Nyayo zilikuwa zimefika ukumbini. Akasema "Karibuni" kwa mdomo wake mwenyewe, akakaa kusikiliza watajibu nini.