Kpokpoi ya Mheshimiwa Addotey

Msafara wa Ghana uliotua Gaborone kwa ajili ya Michezo ya Afrika ulikuwa na viongozi wengi kuliko wanamichezo, na jambo hilo halikumshangaza mtu yeyote aliyewahi kuona msafara wa namna hiyo. Alikuwepo mkuu wa msafara, naibu wa mkuu, msaidizi wa naibu, na mshauri wa maombi. Alikuwepo pia shemeji wa mkuu, ambaye kitambulisho chake kilimtaja kuwa mtaalamu wa misuli ingawa huko Accra aliuza matairi. Mabondia walikuwa wawili tu, nao walipokezana jozi moja ya glavu za mazoezi.

Mmoja wa mabondia hao alikuwa Amerley Okine, binti wa Bukom, mtaa wa Accra ambao mtoto hujua kukunja ngumi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alikuwa mwembamba, mkimya, na mwenye macho ambayo viongozi wa msafara hawakupenda yawatazame kwa muda mrefu. Jumamosi asubuhi alipanda juu ya mizani, na mizani ikamweleza kwamba amezidi daraja lake kwa uzito wa chungwa moja.

"Ataa, nimezidi chungwa," alimwambia kocha wake, mzee Ashitey, ambaye mabondia wote walimwita Ataa, yaani baba.

"Chungwa hutoka kwa jasho," Ashitey akajibu kwa ukali uliompendeza. "Vaa sweta mbili, ruka kamba. Maji, kijiko tu cha kulowesha ulimi. Chakula, hata ukikiota ndotoni, kiteme. Kesho alfajiri unapima rasmi. Ukizidi hata unyoya, umerudi nyumbani bila kurusha ngumi."

"Nimekusikia."

"Na wewe pia, Sowah!" kocha alimgeukia bondia wa pili, kijana mcheshi wa uzito mdogo aliyekuwa ameuzamisha mkono wake wa kulia ndani ya ndoo ya barafu. "Acha kucheka. Wewe umezidi embe zima."

Amerley aliruka kamba mpaka sakafu ikalowa. Miaka minne alikuwa ameamka gizani na kukimbia ufukweni Accra, akiwapita wavuvi waliomtania kuwa anamkimbia mume. Miaka hiyo yote ilikuwa imekusanyika sasa katika chungwa moja, naye alikuwa amekata shauri kuliacha juu ya sakafu ile.

Ilipokaribia adhuhuri, shemeji wa mkuu aliingia huku akipiga makofi.

"Mabondia, haya, haya! Mheshimiwa anawaita wote ukumbini. Leo tunafanya Homowo! Televisheni imekuja."

"Homowo?" Amerley alisimamisha kamba, kwa maana sikukuu hiyo ya mavuno ya Waga, watu wa Accra, ina siku yake. "Leo?"

"Leo. Kpokpoi imetoka Accra kwa ndege. Hebu, njoo na uso wa furaha."

Mheshimiwa Kpakpo Addotey, mkuu wa msafara, alikuwa mtu wa tai. Kila siku alivaa tai ya shule ya bweni yenye jina kubwa, akiwakumbusha watu kwamba humo ndimo alimofundishwa nidhamu, ingawa waliosoma naye walikumbuka kwamba nidhamu hiyo ilimfukuza kabla ya mtihani wa mwisho. Siku ile, kwa ajili ya kamera, tai ilikuwa imevuliwa, na mahali pake alikuwa amejifunga nguo nyeupe begani kama mzee wa ukoo. Nguo ile haikumzoea. Ilimteleza kila alipoinua mkono, na shemeji alisimama nyuma yake kazi yake ikiwa moja tu, kuipandisha.

Katikati ya ukumbi palikuwa na bakuli kubwa la kpokpoi, unga wa mahindi uliovundikwa, ukapikwa kwa mvuke na kuchanganywa na mawese hadi ukawa wa rangi ya jua la jioni. Kando yake sufuria ya supu ya mawese ilitoa harufu ya samaki wa kukaushwa. Amerley alimeza mate, kisha akakumbuka kwamba hata mate yana uzito.

Mheshimiwa alichota kpokpoi akairusha huku na huku juu ya zulia la wenyeji, akiwaita mababu waje kula. Kama mababu waliitika, basi walisafiri mbali mno kwa ajili ya chakula kilichopoa.

"Afi oo afi!" alipaza sauti, salamu ya mwaka mpya ya Waga, na viongozi wakaitikia kwa nguvu, kwa sababu nyama ilikuwa bado haijagawiwa.

Kisha alianza kuwalisha wanamichezo kwa mkono wake, mmoja mmoja, jinsi mkuu wa ukoo anavyowalisha watoto wa nyumba. Mrusha mkuki alikula. Wakimbiaji walikula, na wengine wakaomba tena. Sowah, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa bado umekufa ganzi kwa barafu, alinyoosha wa kushoto.

Mheshimiwa aliupiga kofi.

"Mkono wa kushoto? Mimi nikupe, wewe unipokee kwa kushoto? Kwenu hawakufundi?"

"Samahani, Mheshimiwa. Huu wa kulia umeganda."

"Hata ukikatika! Kushoto ni kwa kazi za chooni. Mkubwa hapewi kushoto. Fungua mdomo."

Sowah alifungua mdomo, akalishwa tonge la kwanza, la pili na la tatu, kwa kuwa mpiga picha alisema la kwanza halikuonekana vizuri. Alitafuna huku akimtazama Ashitey. Ashitey aliitazama dari.

Zamu ikamfikia Amerley.

"Binti wa Bukom! Njoo, mwanangu."

"Ahsante, Mheshimiwa. Mimi napima uzito kesho alfajiri."

"Uzito!" Mheshimiwa aliwageukia viongozi, nao wakacheka kabla hajasema cha kuchekesha. "Tonge moja lina uzito gani? Chakula cha mababu hakinenepeshi."

"Mizani haiwajui mababu, Mheshimiwa."

Kicheko kikafa. Mzee Ashitey alimsogelea Amerley na kumnong'oneza, jasho likimtoka kana kwamba yeye ndiye aliyeruka kamba.

"Kula kidogo tu, mwanangu. Tutakwenda kuruka tena."

"Ataa, ni wewe uliyeniambia niteme hata ndotoni."

"Hiyo ilikuwa asubuhi."

Amerley alimwangalia. Alikuwa amemheshimu mtu huyu tangu akiwa na meno ya utoto. Alikuwa akibeba ndoo yake, akifua taulo zake, akiamini kwamba ukali wake ni uti wa mgongo. Sasa aliona kwamba ulikuwa ukali wa mbwa wa uani, unaoisha mwenye nyumba anapotokea. Hakumkasirikia. Aligundua kwa mshangao kwamba hakustahili hata hasira.

"Nasubiri," Mheshimiwa alisema, tonge likimdondosha mawese kwenye nguo nyeupe. "Au unawakataa wazee wako mbele ya taifa zima?"

"Siwakatai wazee, Mheshimiwa. Ninawangoja." Amerley aliipandisha sauti kiasi cha kutosha tu, na kamera ikamgeukia. "Nyumba ya ukoo wenu na ya ukoo wetu zinapakana pale Bukom, zimetengwa na uchochoro tu. Homowo ya mtaa wetu ni Jumamosi ijayo. Leo bibi yangu Okailey hajachekecha hata unga. Mkuu wa ukoo wetu hajawanyunyizia mababu chakula, na wa ukoo wenu pia hajanyunyiza. Wewe umeiwahisha kwa sababu Jumamosi ijayo televisheni itakuwa imeondoka. Kwetu, mtu anayetia mkono bakulini kabla ya siku haitwi mshika mila. Anaitwa mlafi."

Viongozi waliokuwa wakitafuna waliacha kutafuna, na wale waliozaliwa katika mtaa ule walitazama vidole vyao vyenye mawese kama watu waliofumaniwa. Walikuwa wakijua siku. Wote walikuwa wakijua. Hakuna mtoto wa Bukom asiyeijua Jumamosi ile. Na hakuna hata mmoja wao aliyefungua kinywa isipokuwa kwa kulishwa.

"Zima hiyo kamera," Mheshimiwa alisema.

Nguo ikamteleza begani. Shemeji aliipandisha.

"Sikiliza, we msichana. Mdomo huo utakupeleka pabaya. Kesho pima huo uzito wako ukitaka. Lakini ulingoni hutakuwa na mtu katika kona wa kukupa maji na taulo. Ashitey, umesikia? Ukisimama kwenye kona yake, kazi huna. Na asiye na mtu wa kona hapandi. Hiyo ndiyo sheria ya ngumi, siyo yangu."

"Nimesikia, Mheshimiwa," mzee Ashitey alisema, akainamisha kichwa chini kuliko ilivyohitajika.

Amerley alirudi kwenye kamba yake.

Jumapili alfajiri mizani ilimpitisha. Haikumsifu wala haikumlaumu. Ilisema ukweli na kunyamaza, na Amerley aliwaza kwamba chombo kile kingefaa kuongoza msafara. Sowah alipanda baada yake, akashuka, akavua kila alichoweza kuvua, akapanda tena. Matonge matatu yalikuwa palepale. Alikaa chini ukutani akiwa amejifunga taulo, kijana asiyekaa bila utani, na hakuwa na utani.

"Nilitaka kukataa, dada," alisema. "Lakini alikuwa ameshika tonge. Ungekataaje tonge?"

"Kama nilivyokataa."

"Mimi si wewe."

"Hapana," Amerley alisema. "Si mimi." Kisha, kwa kuwa hakuwa na moyo wa jiwe kama walivyomdhania, alimfunika kwa sweta yake moja.

Kabla ya saa mbili redio za Accra zilikuwa zikirusha sauti ya Mheshimiwa akisikitikia kuondolewa kwa Sowah na kusema kwamba vijana wa siku hizi hawajui kujinyima.

Amerley hakwenda kumwomba msamaha. Alikwenda upande wa pili wa kijiji cha wanamichezo, akabisha mlango wa Wanaijeria, na kumkuta kocha wao, mtu mkubwa mwenye sauti ya tarumbeta, akinyoa ndevu.

"Oga," alimwita kwa neno lao la bosi, "nahitaji mtu wa kunisimamia kwenye kona jioni hii."

"Ghana nzima imekwisha watu?" alicheka mpaka povu likaruka. "Wali mnapika vibaya kuliko sisi, hilo tunalijua. Na kona nazo zimewashinda?"

"Watu wapo. Wanakula."

Mtu yule aliacha kucheka, akamtazama vizuri. "Nitakuja. Na nitavaa koti la kijani, lile kubwa la Naijeria, kila mtu alione."

Habari ile ilimfikia Mheshimiwa kabla ya chakula cha mchana, na ilifanya kazi ambayo haki, sheria na aibu zisingeweza kuifanya. Mambo mengi aliweza kuyavumilia, lakini siyo koti la Naijeria, mtani wa jadi, katika kona ya Ghana, mubashara, na Accra yote ikitazama. Mzee Ashitey akatumwa mbio na taulo shingoni, akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Mheshimiwa amekusamehe, mwanangu. Nimekuombea mwenyewe."

"Ataa," Amerley alisema, akijifunga bandeji mkononi bila kuinua macho, "kazi yako leo ni ndoo na taulo. Ushauri baki nao."

Ashitey alishika ndoo.

Jioni, mpinzani wa Amerley alikuwa binti wa wenyeji kutoka Francistown, mwenye mikono mirefu na umati wote nyuma yake. Raundi ya kwanza ilikuwa ya binti huyo. Katika ya pili Amerley aliingia ndani ya mikono ile na hakutoka tena. Alipiga kwa utulivu, bila pupa, kama mtu anayesema kila neno mara moja na kulimaanisha. Katika kona mzee alifungua kinywa, akakumbuka, akamnywesha maji. Kengele ya mwisho ilipolia, hata umati wa wenyeji ulisimama, na mwamuzi akauinua mkono wa Amerley.

Ndipo Mheshimiwa alipotokea. Tai ilikuwa imerudi shingoni, bendera iko begani, na nyuma yake kamera ile ile, taa yake nyekundu ikiwaka. Alipanda ulingoni kwa shida, shemeji akimsukuma kwa chini.

"Binti yetu! Nidhamu! Hii ndiyo nidhamu tuliyowafundisha!" alitangaza, akanyoosha mkono wa kulia kumpongeza mshindi.

Glavu zilikuwa zimekwisha vuliwa. Amerley alimtazama usoni kwa muda mrefu, yale macho wasiyoyapenda. Kisha akaushusha mkono wake wa kulia ubavuni, taratibu, ili kila mtu aone kwamba ulikuwa mzima, na akampa wa kushoto.

Sowah, aliyekuwa chini ya ulingo amejifunika sweta, alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mzee Ashitey aliangalia ndani ya ndoo.

Mheshimiwa aliuona mkono ule. Alijua maana yake, na alijua kwamba huko Bukom, mbele ya kila televisheni, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mkono wake mwenyewe ulikuwa bado hewani. Alikuwa na nafasi ya kuurudisha, kushuka, na kubaki walau na hasira ya kiume. Lakini taa nyekundu ilikuwa ikiwaka.

Akaupokea. Akaupokea kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, akatabasamu.