Pazia la Rangi Mbili

Krr. Kimya. Krr. Uzi ulikuwa ukifumuliwa nyuma ya rundo la mahameli, taratibu, kama panya asiye na haraka. Bingwa hakuhitaji kuchungulia. Katika karakana ile ya mafundi wanne, ni shangazi yake tu aliyeweza kufumua bila kusonya.

Pazia la jukwaa walilolishona kwa wiki tatu lilitundikwa ukumbini asubuhi, na adhuhuri lilikuwa limerudishwa. Taa zilipowashwa, nusu moja ilikuwa nyekundu, nusu ya pili nyeusi kama masizi. Jora lilikuwa moja. Ila mahameli ina manyoya, na manyoya yana upande yanakolalia; Bingwa, mkataji mkuu, alikata nusu ya vipande vichwa chini ili aokoe kitambaa. Kila kipande kilikuwa chembamba juu, kipana chini: havigeuziki tena. Wenye ukumbi walisema watatundika pazia lao kuukuu, na kitambaa chao kirudi kikiwa kimefumuliwa.

"Ulikuwa umesimama pale nikikata," Bingwa alisema. "Hukuona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza."

Shangazi aliupuliza uzi uliokwama kwenye wembe. "Kabla ya hapo nilikwambia pindo la kazi ile nyingine litajivuta. Ulinijibuje?"

Alikumbuka vizuri mno. Alimjibu mbele ya wote: "Macho ya shangazi yameshastaafu, mikono nayo inasubiri barua." Watu walishika mbavu. Naye akajiona fundi wa maneno pia. Pindo likajivuta kweli. Akalirekebisha peke yake, kimya, asimwambie mtu.

"Nilijua umezoea utani wangu."

"Utani ni wa wawili, mwanangu. Ule ulikuwa wako." Akageukia meza ya wale wengine wawili. "Waulize na hawa. Tulitazamana, kila mmoja akameza lake. Nani ajitakie kuchekwa?"

Fundi wa vifungo aliinamia vifungo vyake. Mpiga pasi alikohoa bila kikohozi.

"Na mimi nimekosa," Shangazi akaendelea. "Aliyenitukana ni wewe, nikaiadhibu kazi. Kazi haikunitukana. Ndiyo maana naondoka, nikibaki nitazoea."

Hapo ndipo Bingwa alipoiona cherehani ya shangazi yake mlangoni, imefunikwa, imefungwa kamba. Cherehani ileile aliyofundishiwa Bingwa kushona, miguu yake ikiwa haijafika kwenye pedali.

Alitafuta neno la kuchekesha, kisha akaliacha. Akaketi sakafuni, akachukua wembe, akaanza kufumua upande wa pili wa pazia. Walifanya kazi hivyo muda mrefu, mahameli ikipungua katikati yao, hadi akaiona miguu ya shangazi yake upande wa pili.

Akainuka ili wote wamsikie.

"Shangazi, ubaki usibaki, nakuahidi mbele ya hawa: yeyote humu akiniambia ngoja, nitaweka mkasi chini kwanza, ndipo niulize kwa nini. Na pale nitakapokuwa nimekosea, nitasema mwenyewe, kwa sauti ileile niliyokucheka nayo."