Gari Lililotulia Nikipanda Mimi

Gari lile lilikuwa la mpima ardhi. Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyeliinua inchi nne ili lipite juu ya mawe huko maporini, na ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa ya kwanza pale gereji. Baada ya wiki moja tu, mpima akalirudisha. Alisema likifika mwendo wa sitini kiti kinatetemeka mpaka meno yanagongana.

Mwenye gereji, ambaye wote humwita Kipara ingawa nywele anazo, alimwambia mjukuu wangu nikiwa nasikia, "Mpaka saa kumi. Usipoujua ugonjwa wake nampa fundi mwingine, na wewe unarudi kumwaga oili."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana niliogopa.

Mimi nilikuwa nimetoka mashineni kusaga, nina magunia manne ya unga. "Panda, Bibi," mjukuu wangu akasema. "Nitalijaribu huku nakupeleka nyumbani." Mpima akaniwekea kreti nikanyage, maana mlango ulikuwa juu kama dirisha, akanishika kiwiko taratibu kama mtu aliyewahi kumlea mama mzee. Akakaa mbele. Mimi nikakaa nyuma na unga wangu.

Hamsini. Sitini. Sabini. Gari kimya.

"Unasikia kitu, mke mwenzangu?" nikamuuliza mjukuu wangu.

"Sisikii kitu, Bibi."

"Mimi nasikia njaa."

Hakucheka. Akageuza gari, tukarudi gereji, na safari hii mpima akashika usukani mwenyewe. Kimya vilevile. Maskini, alikuwa anaona haya. "Jana lilitetemeka," akasema. "Mke wangu ni shahidi."

"Labda anayetetemeka ni wewe," Kipara akamwambia, mafundi wakaangua kicheko. Kisha akamgeukia mjukuu wangu. "Umefanya nini?"

"Nimesawazisha magurudumu. Nimekaza kila nati. Lakini hata jana nilifanya hivyohivyo, na likatetemeka."

"Kwa hiyo limejiponya?"

Angeweza kudai kwamba amelitengeneza, na hakuna ambaye angembishia. Akasema, "Sijui, bosi." Nilimwona Kipara akitazama pembeni ili asimtie haya, na wema huo nimemwekea moyoni.

Wakanipeleka nyumbani. Mpima mwenyewe alishusha magunia, akanipangia jikoni, wakaondoka. Sijamaliza hata kufungua kamba ya gunia la kwanza, nasikia honi.

"Bibi, panda tena," mjukuu wangu akasema, jasho linamtoka. "Limeanza."

Nikapanda bila unga. Likafika sitini, nikahisi makalio yanakufa ganzi kama niliyekalia mashine ya kusaga. Wakapakia magunia mawili, likapungua. Wakapakia yote manne, kimya. Wakayashusha, likatetemeka. Jirani yangu akatoka kuuliza kama nahama.

"Sihami," nikamjibu. "Tunatibu gari." Nilivyomwambia hivyo hata mimi sikujua nimesema nini. Unga unatibu gari?

Mjukuu wangu akachuchumaa barazani kwangu, akachora kwa kipande cha mkaa. Alinieleza kwamba chini ya gari kuna bomba refu la chuma linalozunguka, linaitwa propela, ndilo linalopeleka nguvu nyuma. Alipoliinua gari, bomba likakaa mshazari mno, na viungo vyake vikawa vinazunguka kwa kurukaruka. Mzigo ukikaa nyuma, gari linashuka, na mshazari unapungua.

"Kila lilipotulia," akasema polepole, "nilikuwa nimekupakia wewe na unga wako."

"Basi mimi ndiye mgonjwa au mimi ndiye dawa?"

"Panda turudi gereji, Bibi."

Saa tisa alikuwa chini ya gari, anapachika kabari mbili za chuma kati ya springi na ekseli ili kichwa cha ekseli, pale bomba linapoungia, kiinuke kidogo kulielekea. Akapima, akatoa, akapachika nyingine nene zaidi. Hakuna aliyemtania. Fundi mmoja alimshikia taa bila kuombwa.

Saa kumi kasoro kidogo, mpima akaondoka na gari peke yake, nyuma tupu. Tulisimama getini. Mjukuu wangu alikuwa anajifuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

Alirudi anaendesha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika kikombe cha chai aliyonunua njiani, kimejaa, na shati lake halina hata tone. "Themanini," akasema.

Kipara alizunguka gari mara mbili, akainama kuziangalia zile kabari. Alipoinuka, akatoa ufunguo mfukoni akampa mjukuu wangu.

"Lile gari la bluu linavuta kushoto," akasema. "Na usimpakie Bibi."