Mama Aliyehama na Mlango Wake

Watu wengine wakihamishwa hubeba godoro na sufuria. Huyu mjane alibeba mlango.

Mtaa mzima ulikuwa umeshalipwa fidia na kuambiwa upishe maghorofa. Majirani wakatawanyika, kila mtu na njia yake. Yeye akamwita seremala ang'oe mlango wa mbele, na fremu yake, na kitasa chake.

"Mama, huko unakokwenda milango ipo," seremala alisema.

"Ipo, lakini si huu."

Wala hakuwa amerukwa na akili. Mwanawe wa pekee aligombana na baba yake, akafukuzwa, asikanyage tena pale. Mama alimkimbilia nje akamtia ufunguo mkononi. "Ukirudi usigonge, baba yako asisikie. Fungua, ingia, lala. Asubuhi niachie mimi." Kijana akaenda na ufunguo wake, na miaka nayo ikaenda. Mzee akafa, Mungu amrehemu, akazikwa na ukali wake. Ufunguo ulikuwa bado duniani, mfukoni mwa mtu. Sasa mlango ukivunjwa, huo ufunguo utafungua nini?

Basi mkokoteni ukapita barabara kuu na libao lile, wakubwa kwa wadogo wakicheka. Huko nje ya mji chumba kilikuwa kidogo na mlango mkubwa, ikabidi ukuta ukatwe. Wapangaji wenzake wakambandika jina, Mama Mlango. Aliwaacha waseme, maneno matupu hayavunji mfupa. Kitasa alikitia mafuta kisishike kutu, na kila aliposikia hatua za mtu nje moyo ulimpaa. Alimkumbuka mwanawe mpaka chakula kikawa hakipiti. Alitamani hata ule ugomvi wao wa mezani, baba huku, mtoto kule, yeye katikati na mwiko mkononi.

Jioni moja mlango uligongwa, kwa kidole kimoja, taratibu.

Alifungua. Nje alisimama mwanamume mzima, mvi zimeanza kidevuni, viatu vumbi tupu. Macho yalikuwa yale yale.

"Nilikwenda nyumbani," mwanawe alinong'ona. "Nimekuta jengo la vioo. Mlinzi hakujui, ila amesikia habari za mama aliyehama na mlango. Tangu asubuhi naulizia mlango tu. Watu wanacheka kwanza, halafu wananielekeza."

"Na ufunguo?"

"Niliupoteza, mama. Mwaka ule ule."

Mama akakitazama kitasa chake kinachong'aa mafuta. Akacheka, machozi yakimtoka, akamvuta mwanawe kifuani. Yule kijana wa zamani akachungulia ndani juu ya bega lake, akazidi kushusha sauti.

"Baba amelala?"

Mama alimshika mkono, akaukunja ngumi, akauweka juu ya ubao.

"Gonga tena, mwanangu. Gonga kwa nguvu. Hakuna tena wa kumwamsha."