Trekta Iliyoganda Subuiga

Trekta ilizima mara ya tatu kwenye mlima wa Subuiga, na safari hii Sajini Marete akashuka kwenye lori la askari waliosindikiza msafara, akiwa na pingu mkononi.

"Shuka," alimwambia Ibrae, dereva. "Ukizima, msafara mzima unakaa hapa kama kuku waliofungwa miguu. Unangoja wenzako shifta watuvamie?"

Ibrae alishuka. Alikuwa Mborana wa Kiwanjani, Isiolo, na miaka ile Mborana aliyesimama vibaya barabarani hakuulizwa maswali mengi. Binamu yake Kanchoro alichukuliwa hivyo hivyo, na mama wa Kanchoro alikuwa bado hajui aende kumuuliza nani.

Mwenye trekta, Kinanu, mjane wa M'Ikiara, alikuwa juu ya trela, amejifunika shuka kwa ajili ya ukungu. Vita vilikuwa vimefunga mashamba ya Gotu, basi akaamua kuipeleka trekta Timau ikalime ngano. Aliteremka, akimwomba Mungu amzuie ulimi. Mungu hakumzuia.

Marete alikuwa ameinamia injini. Kabureta ilikuwa imefunikwa na kitu cheupe, naye akakikwaruza kwa kucha.

"Chumvi. Ameiharibu makusudi."

Kinanu alichota ule weupe kwa kidole, akautia mdomoni. Askari waliokuwa wakinong'ona nyuma wakasogea waone.

"Inanuka petroli, na ni baridi," alisema. "Chumvi sijaiona. Onja."

"Mama, tusicheze."

"Umesema chumvi mbele ya watu. Onja mbele ya watu."

Marete hakuonja. Alipotazama tena, weupe ulikuwa unadondoka maji kwenye kiatu chake.

"Barafu," askari mmoja alisema, akacheka. "Injini inachemka na bado inaota barafu?"

Ibrae akamgeukia Kinanu. "Mama, ni kile kibati."

Kinanu akakumbuka. Kilikuwa kibati kilichovuta hewa ya moto kutoka bomba la moshi kuipeleka kwenye kabureta. Kwa jua la Isiolo petroli ilichemka mpaka trekta ikakataa kwenda, wakakitoa, kama wenye matrekta wote wa mjini. Baridi ya huku juu, inayogandisha umande kwenye kabureta isiyo na hewa ya moto, hakuna aliyeifikiria.

Kinanu alimwaga unga wa uji kwenye leso, akampa Ibrae mkebe mtupu. Ibrae akaukata kwa kisu, akaukunja, akaufunga kwa waya kutoka bomba la moshi hadi kabureta.

"Ikizima tena ninamchukua," Marete alisema.

"Utachukua wawili." Kinanu alipanda akakaa juu ya madigadi ya gurudumu la nyuma, bega lake likigusa la Ibrae aliyekwisha kushika usukani. "Halafu Jumapili utasimama kanisani kwetu ueleze ulivyomfunga mjane kwa kosa la umande."

"Utaanguka hapo, mama."

"Wewe rudi kwenye lori lako."

Injini ikashika. Lori lilifuata nyuma yao, karibu kabisa, Marete akiwa amesimama mlangoni na pingu zake, akingoja izime. Ukungu ulizidi. Kinanu alishika chuma kilichokuwa kinatetemeka, akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, na Ibrae, aliyekuwa Mwislamu, akapunguza mafuta kidogo ili asikike vizuri huko nyuma.

Kwenye kizuizi cha Subuiga askari aliuliza Mborana huyu ni wa nani.

"Anaitwa Ibrae Diba," Kinanu alijibu bila kushuka. "Ni dereva wangu. Fungua."

Askari alimtazama Marete. Marete akatia pingu mfukoni, na mti wa kizuizi ukainuliwa.